Kidudu Hakiweki Tarehe

Ujumbe uliingia saa tatu asubuhi
nikimgeuza Bibi Ethel ubavu wa kushoto
asipate vidonda vya kulala.
Simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni.
Nikamfunika kwanza. Kazi ni kazi.

Kliniki, nesi ananiita kipenzi
kama wanavyoitana wote hapa Hull,
hata abiria aliyepungukiwa nauli.
Anasema: klamidia. Anasema: inatibika.
Analitaja kama mtu atajaye ua la bustanini kwake.
Kwa lugha yake ugonjwa huu ni herufi tatu,
zimetulia kwenye karatasi.
Kwa yangu ni ugonjwa wa zinaa:
hukumu imetangulia, ushahidi utafuata.

Namuuliza, tangu lini?
Kipimo hakijui, anasema.
Huenda wiki. Huenda miezi, huenda na zaidi.
Kuna wanaoishi nacho wasihisi kitu.
Namuuliza, kutoka kwa nani?
Ananisogezea boksi la tishu.

Nikarudi kwa miguu kwenye manyunyu
nikilinoa swali langu njia nzima:
Mhina, ulilala na nani huko Handeni
ile miaka miwili ya kungoja viza?
Nikalinoa mbele ya kinyozi wa Kikurdi,
nikalinoa nje ya duka la samaki na chipsi,
mpaka likang'aa, mpaka likakata hewa,
mpaka nilipofika kwenye kibanda cha simu
(kwingine ni vyekundu, vya mji huu rangi ya maziwa)
na hapo swali likageuka, likanitazama mimi.

Februari ya kwanza. Theluji dirishani.
Mthabisi wa zamu ya usiku, mtu wa Bulawayo,
kaja na hita ya kuazima, kakaa hadi alfajiri.
Mara moja tu, nilijiambia,
kana kwamba kidudu kinajua kuhesabu.

Nyumbani Mhina alikuwa anamenya viazi.
Nikaweka bahasha mezani, nikasema lote
la hospitali. La hita sikulisema.
Nilijiandaa kwa kelele, kwa sahani, kwa mlango.
Yeye alinawa mikono, akanawa tena,
mgongo kwangu, bomba likimwaga,
kisha akauliza:
"Dawa hizi, kabla ya kula au baada?"

Hakuuliza jingine.

Basi tukameza, asubuhi na jioni,
tumesimama wima jikoni kama wanafunzi gwarideni.
Usiku tunaacha nafasi katikati ya kitanda,
nafasi ya mtu wa tatu,
kila mmoja akimjua kwa sura yake.
Sijui kunyamaza kwake kuna nini ndani.
Kama ni msamaha, mbona hanitazami?
Kama ni kufuli, kafunga nini?
Nikimwuliza yake atauliza yangu;
tumekaa kama wadaiwa wawili
kila mmoja akiombea mwenzake asitaje deni.

Bibi yangu alipenda kusema, mficha uchi hazai.
Na ni mtoto huyu asiyekuja
aliyetupeleka kupima.
Uchi hatukuficha, bibi.
Tulivua kila kitu, taa ikiwaka.

Siku ya saba, kidonge cha mwisho.
Mhina ananipa glasi, haiachii.
Vidole vyetu vinne vinne juu ya kioo.
"Ile hita ya chumba chako cha zamani," anasema,
"walikuja kuitengeneza?"
Nasema, hita gani.
"Ulikuwa ukinipigia, nasikia meno yanagongana.
Nilikuwa nalala na simu sikioni
nikiyahesabu.
Halafu siku moja yakanyamaza."

Akaiachia glasi.

Nimekiweka kidonge ulimini.
Nesi alisema: maji mengi, kipenzi,
na usilale mapema,
kisije kikakukwama kooni.